Droo Zisizoonekana za Amiga: Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Ilivyoficha Mfumo Wake

Kila kompyuta hubeba mafaili ya aina mbili: yale ambayo mtumiaji ameyatengeneza mwenyewe, kama vile barua, picha na hesabu zake, na yale ambayo mashine yenyewe inayahitaji ili iweze kuwaka, kuitambua kibodi, kuchora herufi kwenye skrini na kuituma kazi kwenye printa. Mafaili ya kundi la pili, ambayo kwa pamoja huitwa mafaili ya mfumo, ni mengi na majina yake hayaelezi kazi yake waziwazi, na iwapo moja lililo muhimu litafutwa kwa bahati mbaya, mashine nzima inaweza kushindwa kuwaka. Kwa sababu hiyo, tangu kompyuta za nyumbani zilipoanza kutumia madirisha na kipanya katika miaka ya 1980, waliozibuni walilazimika kuamua ni kipi kiwekwe mbele ya macho ya mtumiaji na kipi kibaki nyuma ya pazia.

Miongoni mwa majibu yaliyotolewa wakati huo, lile la kompyuta iliyoitwa Amiga linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa liligeuza swali lenyewe. Mifumo mingine ilivionyesha vitu vyote na kuweka alama maalumu kwenye vile vilivyotakiwa kufichwa. Amiga ilifanya kinyume chake, ikaviacha vitu vyote bila kuonekana mpaka kimoja kimoja kipewe kibali cha kuonekana. Utaratibu huo, pamoja na njia ambazo watumiaji walizitumia kuficha droo za mfumo zilizobaki wazi, unafundisha jambo ambalo lina uzito hadi leo: kwamba kuficha kitu na kukilinda ni mambo mawili tofauti, na kwamba mfumo mzuri humsitiri mgeni dhidi ya madhara bila kumfungia njia anayetaka kujifunza.

Mashine na eneokazi lake

Amiga ya kwanza, iliyokuja kujulikana kama Amiga 1000, ilizinduliwa na kampuni ya Commodore jijini New York mwezi Julai 1985. Ilijengwa juu ya kichakataji cha Motorola 68000, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 pamoja na chipu maalumu za picha na sauti zilizobuniwa na kundi lililoongozwa na Jay Miner, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi hapo awali katika kampuni ya Atari. Mwaka 1987 ikafuata Amiga 500, mashine ya bei nafuu ambayo kibodi na kompyuta vilikaa ndani ya kasha moja, na ambayo iliingia katika nyumba nyingi za Ulaya. Wengi walioinunua hawakuwa na diski kuu ya kudumu. Mfumo, programu na kazi zao zote zilikaa kwenye disketi za inchi tatu na nusu, ambazo kila moja ilibeba kilobaiti 880.

Sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji aliiona baada ya kuiwasha mashine iliitwa Workbench. Hilo ndilo lililokuwa eneokazi la Amiga, yaani uwanja wa skrini ambapo diski, folda na programu huonekana kama picha ndogo ziitwazo ikoni, zinazofunguliwa kwa kubofya kipanya mara mbili. Waliounda Workbench walichagua lugha ya karakana: folda iliitwa droo, programu iliitwa zana, na faili lililotengenezwa kwa programu fulani liliitwa mradi. Makala hii inafuata desturi hiyo, na kila inapotaja droo inamaanisha kile ambacho watumiaji wa kompyuta za leo hukiita folda.

Chini ya Workbench palikuwa na tabaka jingine lenye asili tofauti kabisa. Kazi ya kuhifadhi na kusoma mafaili kwenye diski ilifanywa na AmigaDOS, iliyotokana na TRIPOS, mfumo uliokuwa umeundwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na Martin Richards na wenzake, kisha ukarekebishwa kwa ajili ya Amiga na kampuni ya MetaComCo ya Bristol, Uingereza. TRIPOS ilikuwa mfumo wa amri zinazoandikwa kwa kibodi na haikujua lolote kuhusu ikoni. Kwa hiyo ikoni zilipokuja, hazikuingizwa ndani ya utaratibu wa diski, bali ziliwekwa juu yake, zikiwa mafaili ya kawaida kama mengine yote, na uamuzi huo ndio chanzo cha tabia yote ya kuficha na kuonyesha inayoelezwa hapa.

Faili linalotoa kibali cha kuonekana

Katika Amiga, kila ikoni ni faili linalojitegemea, ambalo jina lake huwa sawa na la kitu linachokiwakilisha, likiongezewa herufi ".info" mwishoni. Droo yenye jina Prefs huwa na mwenzake aitwaye Prefs.info, na faili hilo hukaa kando ya droo hiyo, si ndani yake. Diski nzima nayo huwakilishwa na faili liitwalo disk.info, ambalo hukaa katika ngazi ya juu kabisa ya diski. Workbench inapofungua dirisha husoma orodha ya vilivyomo, huyatafuta mafaili yenye mwisho huo na kuchora picha zilizomo ndani yake. Kitu ambacho hakina mwenzake wa aina hiyo hakichorwi, ingawa kipo kwenye diski na kinafanya kazi kama kawaida.

Faili la ikoni hubeba zaidi ya picha. Mwanzoni mwake huwa na namba ya utambulisho inayoiarifu Workbench kwamba hii ni ikoni halisi, kisha namba ya aina, ambapo 1 ni diski, 2 ni droo, 3 ni zana, 4 ni mradi na 5 ni pipa la taka. Hufuatiwa na taarifa za mahali ikoni inapokaa ndani ya dirisha, na ikiwa ni ya droo, huhifadhi pia ukubwa wa dirisha la droo hiyo na mahali litakapofungukia. Ikoni ya programu inaweza kubeba mistari ya maelekezo ambayo programu huisoma inapoanza, kwa mfano kama ifungue dirisha lake mara moja au ikae kimya ikisubiri kuitwa. Mtu anayeifuta ikoni ya aina hiyo kwa nia ya kusafisha eneokazi huwa amefuta na mipangilio hiyo.

Utaratibu huu ulikuwa na gharama yake. Katika toleo la 1.3 la Workbench, aliyeunda droo kwa kuandika amri ya Makedir alipata droo isiyo na ikoni, na kwa hiyo hakuiona akirudi kwenye dirisha lake. Mgeni angeweza kudhani kazi yake imepotea, kumbe imekosa picha tu. Matoleo ya mwanzo hayakuwa hata na menyu ya kuunda droo mpya, na badala yake diski ya Workbench ilikuja na droo tupu iliyoitwa Empty, ambayo mtumiaji aliinakili pamoja na ikoni yake na kuipa jina alilolitaka. Vilevile, kwa kuwa kila ikoni ni faili linalosomwa peke yake, dirisha lenye ikoni nyingi lilichukua muda kujaa pale diski ilipokuwa disketi.

Vilivyokuwa nyuma ya pazia

Diski ya kuwashia Amiga ilikuwa na droo kadhaa ambazo Commodore yenyewe iliziacha bila ikoni, na mtumiaji aliyetegemea kipanya peke yake angeweza kumaliza miaka bila kujua kwamba zipo. Droo ya C ilihifadhi amri, yaani programu ndogondogo kama Copy ya kunakili, Delete ya kufuta na List ya kuorodhesha. Droo ya Libs ilibeba maktaba, ambazo ni mafungu ya kazi zilizoandikwa mara moja ili zitumiwe na programu nyingi. Miongoni mwake ilikuwamo diskfont.library, inayosoma maumbo ya herufi kutoka kwenye diski. Droo ya L ilikuwa na programu zinazoshughulikia njia za kuingizia na kutolea data. Droo ya S iliweka hati za amri, na hati iliyo kuu kuliko zote iliitwa Startup-Sequence, faili la maandishi ya kawaida ambalo mashine ililisoma mstari kwa mstari kila ilipowashwa.

Uhusiano kati ya droo hizo na eneokazi unaonekana vizuri mtu anapoisoma hati hiyo. Karibu na mwisho wake huwa na mstari wenye neno LoadWB, nayo ni amri inayoiamsha Workbench. Amri hiyo hukaa katika droo ya C, na hati inayoiita hukaa katika droo ya S. Kwa maneno mengine, eneokazi lote ambalo mtumiaji analiona huletwa na mafaili mawili yaliyomo katika droo ambazo eneokazi hilo halizionyeshi. Ukiondolewa mstari huo mmoja, mashine itawaka, lakini madirisha ya Workbench na ikoni zake hazitatokea.

Swali linalofuata ni namna gani mfumo huzifikia droo ambazo Workbench haizioni. Jibu limo katika AmigaDOS, ambayo haitumii ikoni hata kidogo. Mashine inapowaka, AmigaDOS huipa diski iliyoiwasha jina la SYS:, kisha huzipa droo muhimu majina ya njia ya mkato, kama vile C:, S:, L:, LIBS:, DEVS: na FONTS:, ambapo nukta mbili zilizo mwishoni huonyesha kwamba jina hilo linaweza kutumika mahali popote kana kwamba ni diski inayojitegemea. Programu inayohitaji maktaba huiomba kupitia LIBS:, na inayohitaji herufi huziomba kupitia FONTS:, bila kujali kama droo husika ina picha kwenye skrini. Hii ndiyo sababu ikoni ya droo ya mfumo inaweza kuondolewa bila chochote kuharibika, ilhali droo yenyewe ikiondolewa kazi husimama.

Kuficha droo iliyobaki wazi

Kadiri matoleo yalivyosonga mbele, idadi ya droo za mfumo zenye ikoni iliongezeka. Mtumiaji wa matoleo ya 3, yaliyoanza mwaka 1992 pamoja na Amiga 4000 na Amiga 1200, alipofungua dirisha la diski yake kuu alikutana na Devs, Storage, Expansion, WBStartup, Prefs, System, Utilities na nyinginezo, ambazo baadhi yake hakuzigusa kwa miezi. Storage, kwa mfano, ni ghala la viendeshi vya printa, skrini na mipangilio ya kibodi ambavyo havijaanza kutumika, na Expansion ni mahali pa programu za kadi za ziada, ambapo kwa mashine nyingi pamebaki patupu. Ni jambo la kueleweka kwamba wengi walitaka kuziondoa machoni ili dirisha libaki na vile wanavyovifungua kila siku.

Kazi hiyo hufanywa kupitia Shell, dirisha la kuandikia amri, na hatua zake ni chache. Anayetaka kuificha droo ya Storage huandika amri hii:

Rename SYS:Storage.info TO SYS:Storage.akiba

Baada ya hapo hulifunga dirisha la diski na kulifungua upya, naye atakuta ikoni ya Storage haipo tena, ingawa droo na vyote vilivyomo viko salama mahali pake. Kubadilisha jina kunapendekezwa kuliko kufuta, kwa kuwa faili la ikoni halipotei. Siku atakapoihitaji droo hiyo ataandika amri hiyohiyo akiyabadilishana majina mawili, na ikoni itarudi pale ilipokuwa, pamoja na ukubwa wa dirisha lake. Aliyekwisha kuifuta ikoni kabisa anaweza kunakili ya droo nyingine, kwa mfano kwa kuandika Copy SYS:Prefs.info TO SYS:Storage.info, kwani ikoni ya droo yoyote inaweza kuitumikia droo nyingine, ingawa itakuja na picha, mahali na ukubwa wa dirisha vya droo ilikonakiliwa.

Hatari iko katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kutumia menyu ya Workbench badala ya Shell: anayeichagua ikoni ya droo kisha akachagua Delete katika menyu hafuti picha peke yake, bali anaifuta droo, vyote vilivyomo na ikoni yake kwa pamoja. Ya pili ni kusahau herufi za mwisho wakati wa kuandika amri. Amri ya Delete SYS:Storage, isiyo na ".info", itakataliwa kwa sababu droo ina vitu ndani yake, na AmigaDOS haifuti droo yenye vitu mpaka iongezewe neno ALL, lakini amri hiyohiyo ikiandikwa kwa droo tupu kama Expansion itatekelezwa mara moja, na kilichokusudiwa kufichwa kitakuwa kimefutwa.

Droo ya WBStartup inahitaji uangalifu wa peke yake. Programu zinazowekwa ndani yake huanzishwa na Workbench kila eneokazi linapofunguka, nayo huzianzisha kupitia ikoni zake. Ikoni ya droo yenyewe ikiondolewa, programu hizo zitaendelea kuanza kama kawaida. Ikoni za programu zilizomo ndani zikiondolewa, programu hizo hazitaanza tena. Kanuni inayofuata kutokana na hilo ni kwamba ikoni ya droo inaweza kufichwa bila hofu, ilhali ikoni ya programu isiguswe kabla ya kujulikana inachobeba.

Matoleo ya baadaye

Workbench 2.0, iliyotoka mwaka 1990 pamoja na Amiga 3000, ilibadilisha mengi, na badiliko moja lililihusu suala hili moja kwa moja. Kila dirisha lilipewa menyu ya kuchagua kati ya kuonyesha vitu vyenye ikoni peke yake na kuonyesha mafaili yote. Chaguo la pili likiwashwa, kila kisicho na ikoni huazimwa picha ya kawaida inayolingana na aina yake, na droo za C, L, Libs na S hutokea mbele ya mtumiaji kama nyingine zote. Tena, mtumiaji akiichagua picha hiyo ya kuazimwa na kutumia chaguo la menyu liitwalo Snapshot, ambalo kazi yake ni kuhifadhi mahali pa ikoni, mfumo huandika faili la ".info" halisi, na kuanzia hapo droo hiyo huwa na kibali chake cha kudumu. Pazia likawa jambo ambalo mwenye mashine analifungua na kulifunga mwenyewe, kwa kipanya, bila kujifunza amri yoyote.

Commodore ilifilisika mwezi Aprili 1994, lakini mfumo haukufa nayo. Toleo la 3.5, lililotolewa mwaka 1999, liliongeza uwezo wa kuweka orodha ya diski zisizotakiwa kuonekana kwenye eneokazi, jambo lililowafaa wenye diski kuu zilizogawanywa sehemu kadhaa, ambao walitaka sehemu yenye mfumo isichanganyike na zile za kazi zao. Toleo la 3.2 lilitoka mwaka 2021, na hadi leo wapo wanaoutumia mfumo huu kwenye mashine za zamani au ndani ya programu za kuigiza kama UAE, zinazoifanya kompyuta ya kisasa itende kama Amiga.

Nafasi ya Amiga miongoni mwa mifumo mingine

Ili kuipima njia ya Amiga kwa haki, inafaa kuilinganisha na mifumo iliyoishi nayo. Katika MS-DOS, kila faili lina alama ambazo diski yenyewe inazihifadhi, na mojawapo ni alama ya kufichwa. Mafaili ya IO.SYS na MSDOS.SYS, yanayohitajika ili mashine iwake, yaliwekewa alama hiyo ili yasitokee katika orodha ya kawaida. Macintosh nayo ilikuwa na alama ya kutoonekana kwa kila faili, na kwa muda mrefu mtumiaji wa kawaida hakuweza kuibadilisha bila programu maalumu. Katika Unix, faili au folda ambayo jina lake linaanza na nukta huachwa nje ya orodha. Rob Pike, mmoja wa waliofanya kazi katika maabara ilikozaliwa Unix, ameeleza kwamba desturi hiyo ilitokana na njia ya mkato iliyochukuliwa katika programu ya kuorodhesha, na si mpango uliokusudiwa. Urithi huo umefika hadi kwenye simu za mkononi, kwa kuwa Android imejengwa juu ya Linux, na folda yenye nukta mwanzoni mwa jina lake kwa kawaida haionekani katika programu za mafaili za simu mpaka mtumiaji aombe kuonyeshwa mafaili yaliyofichwa.

Tofauti ya Amiga ni kwamba haikuweka siri yoyote ndani ya diski. Kilichoamua kuonekana kwa droo kilikuwa faili ambalo kila mtu angeweza kuliona kwa amri ya List, kulinakili, kulibadilisha jina au kulihariri, na kwa hiyo mwenye mashine hakuhitaji ruhusa ya mtu mwingine ili apafahamu nyumbani kwake. Kwa upande mwingine, uwazi huo unaonyesha mpaka wa kuficha kwenyewe: droo isiyo na ikoni haikuwa salama zaidi ya yenye ikoni, kwani amri moja iliyoandikwa vibaya katika Shell ingeweza kuifuta. Aliyetaka ulinzi wa kweli alipaswa kutumia amri ya Protect, inayoondoa ruhusa ya kufutwa kwa faili husika, na kuweka nakala ya disketi zake za mfumo mahali tofauti.

Mtazamo huo wa Amiga unafaa kutetewa leo, wakati vifaa vingi vinauzwa vikiwa vimefungwa hata kwa wenyewe. Kumpunguzia mgeni mambo yaliyo mbele ya macho yake ni wema, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kujua maktaba au viendeshi ni nini kabla hajaandika barua yake ya kwanza. Lakini anayeficha anawajibika kuacha njia inayojulikana ya kufichua, ili aliyekomaa aweze kuuelewa mfumo wake, kuutengeneza unapoharibika na kuurithisha. Kwa mtumiaji wa kompyuta au simu yoyote, ushauri unaotokana na droo hizi za Amiga ni ule ule: aifiche folda asiyoitumia ikiwa inamsumbua, asiifute kabla ya kujua kazi yake, na asidhani hata siku moja kwamba kisichoonekana kimekwisha kulindwa.